Hao Warumi mnaowasema, ni Warumi wa mwaka gani?

Mwezi wa tano mwaka 2025, usiku ule Papa Leo XIV alipotangazwa, grupu letu la ukoo la WhatsApp halikulala. Mama mdogo ndo aliyeanzisha, akatuma picha ya Papa akiwa kwenye roshani anapungia watu, chini yake akauliza swali ambalo naamini wengi wanalo moyoni ila hawalisemi: "Hivi Warumi si ndo waliomsulubisha Yesu? Sasa imekuwaje Papa anakaa huko huko kwao?" Shemeji yangu ambaye ni Mwislamu akaandika kwamba Warumi anaowajua yeye wametajwa kwenye Kurani, wana sura yao kabisa, na ustadhi wao madrasa aliwafundisha kuwa walitawala mpaka Sham, yaani Syria na jirani zake, na mji wao mkuu ndo Istanbul ya leo, Italia haimo. Binamu akaingia akasema jamani Waroma ni Wakatoliki, mbona mnazunguka. Halafu kuna mdogo wetu yuko form two, yeye akaleta Kaisari, kwamba huyo ndo mfalme wa kwanza wa Rumi na alijiongezea mwezi wa Julai kwenye kalenda. Hadi saa saba usiku kila mtu ana Warumi wake.

Mi nasoma habari za Rumi ya kale kwa miaka kadhaa sasa, naipenda mno, na kilichonigusa usiku ule ni kwamba karibu kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli mkononi. Hilo neno moja limebeba mambo ya miaka zaidi ya 2000, na Kiswahili kimelipokea kupitia milango tofauti, mlango wa Biblia, mlango wa Kiarabu, mlango wa wamisionari, na kila mlango umeingia na Warumi wake. Dawa yake ni swali moja, ukisikia mtu anasema Warumi muulize: wa mwaka gani?

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Roma ni mji, uko Italia kando ya mto Tiber, upo mpaka leo. Rumi ni namna Biblia ya Kiswahili na vitabu vyetu vya historia vinavyouita mji huo huo pamoja na dola yake yote, na Mrumi ni raia wa dola hiyo hata kama kazaliwa mbali kabisa na mji wenyewe. Rum ni jina hilo hilo kwa ulimi wa Kiarabu. Mroma, kwa lugha ya mtaani kwetu, ni Mkatoliki. Kilatini ndo lugha waliyoongea watu wa Roma, na watoto wake ni Kiitaliano, Kifaransa, Kihispania, Kireno, na hata Kiromania. Na Italia kama nchi moja imezaliwa mwaka 1861 tu, mji wa Roma ukaingizwa humo mwaka 1870, kwa hiyo kusema Waitaliano ndo walimsulubisha Yesu ni sawa na kusema Wakenya walimpokea Vasco da Gama pale Malindi mwaka 1498, mahali ni pale pale lakini nchi yenyewe haikuwepo. Miaka nitakayoiandikia KK ni kabla ya Kristo, hesabu yake inarudi nyuma, 500 KK inatangulia 100 KK. Hapo wengi huwa wanajikwaa.

Sasa tuanze mwanzo. Warumi wenyewe waliamini mji wao uliundwa mwaka 753 KK na mtu anaitwa Romulus, wakatawaliwa na wafalme saba, wa mwisho akawa katili wakamfukuza mwaka 509 KK. Hadithi za mwanzo zina mengi ya kusimuliwa tu, lakini kilichofuata ndo muhimu. Kuanzia hapo Warumi walilichukia neno mfalme kuliko matusi. Wakatengeneza utaratibu ambao mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye kikoba atauelewa mara moja. Si unajua lile sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo tatu wanakaa nazo watu watatu tofauti, ili asitokee mmoja akafungua hela peke yake usiku? Rumi ilikuwa hivyo. Kila mwaka walichagua makonsuli wawili, wawili kwa makusudi, na mmoja akisema hapana jambo linakwama. Kulikuwa na Seneti, baraza la wazee wenye mali na uzoefu. Kulikuwa na mikutano ya wananchi inayopiga kura, na watetezi wa watu wa chini ambao nao waliweza kuzuia amri ya mkubwa yeyote. Hali ikiwa mbaya sana, vita imefika mlangoni, walimteua dikteta, ila kwa miezi 6 tu kisha anarudisha funguo. Hiyo ndo Jamhuri ya Rumi, na ilidumu karibu miaka 500. Zile herufi SPQR unazoziona kwenye muvi, na mpaka leo zimo kwenye mifuniko ya mitaro pale Roma, maana yake ni Seneti na Watu wa Rumi. Hakuna mfalme humo.

Kwa hiyo mdogo wetu wa form two hapo aliteleza, ila ameteleza mahali ambapo dunia nzima inateleza. Julius Caesar hakuwa mfalme wa kwanza wa Rumi. Caesar lilikuwa jina la ukoo tu, kama mtu kuitwa Mushi au Mwakyusa. Alikuwa jenerali, mwanasiasa na mwandishi mzuri sana wa Kilatini. Januari mwaka 49 KK akavuka kijito cha Rubicon na jeshi lake, kitu ambacho sheria ilikataza, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza, akashinda, na mwaka 44 KK akafanywa dikteta wa maisha. Ile ya miezi 6 imekwisha, sasa funguo zote tatu anazo mtu mmoja. Tarehe 15 Machi mwaka huo huo maseneta wakamchoma visu ndani ya ukumbi wa kikao, majeraha 23.

Waliomuua walidhani wameirudisha Jamhuri, na hapo ndo anatokea kijana wa miaka 18, mjukuu wa dada yake Caesar, anaitwa Octavian, ambaye wosia ulimfanya mtoto wa kuasili na kumpa jina Caesar. Watu walimdharau. Alipigana miaka mingi, akawashinda jenerali Antony na Cleopatra malkia wa Misri kwenye vita vya baharini vya Actium mwaka 31 KK, na mwaka 27 KK Seneti ikampa jina la heshima, Augustus. Akili ya huyu mtu bado inanishangaza. Hakuvunja kufuli hata moja. Aliacha makonsuli wachaguliwe, aliacha Seneti ikae, kila mwenye funguo akabaki na funguo yake. Ila sanduku akaenda nalo nyumbani kwake. Akajiita raia wa kwanza tu, akatawala miaka zaidi ya 40, na alipokufa mwaka 14 karibu hakuna aliyebaki hai anayekumbuka Jamhuri ilivyokuwa inafanya kazi. Kwa hiyo ukitafuta mtawala wa kwanza wa Dola ya Rumi ni huyu.

Waliofuata wote wakalichukua jina Caesar kama cheo, na cheo kikasafiri. Wajerumani wakalifanya Kaiser, yule yule ambaye utawala wake babu zetu wa Tanganyika waliuonja mpaka vita vya kwanza vya dunia. Warusi wakalifanya tsar. Waarabu wakasema Qaysar. Sisi tunasema Kaisari. Ndo maana ukisoma Agano Jipya ukidhani Kaisari ni mtu mmoja utapotea. Kaisari wa orodha ya watu wakati Yesu anazaliwa ni Augusto. Wakati Yohana anaanza kubatiza ni Tiberio. Anayewafukuza Wayahudi Roma kwenye Matendo ni Klaudio. Na Paulo anapokata rufaa kwa Kaisari, aliyekuwepo wakati huo ni Nero. Wanne hao.

Chukua ile dinari ya kisa cha kodi, pale Yesu alipoulizwa kama ni halali kumlipa Kaisari kodi, uitazame kwa karibu. Wataalamu wengi wanadhani ilikuwa ya Tiberio, na zipo nyingi kwenye makumbusho. Ni kipande kidogo cha fedha, hakifiki gramu 4, mshahara wa siku moja wa kibarua wa shamba la mizabibu kama ulivyo kwenye ule mfano wa Injili. Upande mmoja kuna kichwa cha mtu kimevikwa taji la majani, na kuzunguka ukingo kuna herufi zimekatwakatwa kama meseji ya mtu anayebana nafasi: TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. Ukizinyoosha zinasema Tiberio Kaisari, mwana wa Augusto aliyefanywa mungu, Augusto. Sasa fikiria Myahudi mcha Mungu ameshika hiyo kitu mkononi, ina sanamu na ina mtu anayejiita mwana wa mungu, utaelewa kwa nini swali la kulipa kodi lilikuwa mtego. Igeuze. Upande wa pili kuna mwanamke ameketi, na maneno mawili: PONTIF MAXIM. Kwa kirefu ni pontifex maximus, kuhani mkuu wa dini ya kale ya Rumi, maana Kaisari alikishika na cheo hicho. Hayo maneno mawili yashike, nitayarudia.

Na ile kalenda ya mdogo wetu nayo niseme, maana hii habari inazunguka sana. Si kweli kwamba Caesar na Augustus waliongeza miezi yao miwili wakaisukuma mingine. Miezi hiyo ilikuwepo, ikiitwa Quintilis na Sextilis, yaani wa tano na wa sita, ikabadilishwa majina tu. Kilichovuruga hesabu ni kwamba zamani mwaka wa Kirumi ulianza Machi. Hesabu kuanzia Machi uone, Septemba inakuwa ya 7, na septem kwa Kilatini ni saba, Oktoba ni nane, Novemba tisa, Desemba kumi. Mwanzo wa mwaka ukahamia Januari, majina yakabaki pale pale.

Na Nero naye. Wanasema alipiga fidla huku Roma inaungua mwaka 64. Fidla yenyewe haikuwa imebuniwa. Mwanahistoria Tacitus anasema moto ulipoanza Nero alikuwa Antium, mji mwingine wa pwani, akarudi, akafungua bustani zake watu waliopoteza nyumba wajihifadhi. Uvumi kwamba aliimba wakati mji unaungua Tacitus anautaja pia, kama uvumi. Lakini huyo huyo Tacitus ndo anaeleza jinsi Nero alivyowasingizia Wakristo na kuwaua kwa ukatili wa kutisha, kwa hiyo simsafishi. Ila usiamini muvi inayokuonyesha Nero akiwatupa Wakristo kwa simba ndani ya Colosseum, ule uwanja mkubwa wa michezo pale Roma, jengo hilo lilifunguliwa mwaka 80 na Nero alikufa mwaka 68. Lilijengwa mahali palipokuwa na ziwa la bustani yake.

Kuna kitu kimoja ambacho Mwafrika akisoma Rumi asipoambiwa ni dhuluma. Jina Afrika limetufikia kutoka kwao. Waliubomoa mji wa Carthage mwaka 146 KK, eneo lake, ambalo kwa kiasi kikubwa ni Tunisia ya leo, wakalifanya jimbo wakaliita Africa, na polepole jina likafunika bara zima. Na watu wa huko hawakukaa pembeni wakitazama. Terentius, mwandishi wa michezo ya kuigiza, aliletwa Roma kutoka Afrika akiwa mtumwa, akaachwa huru, akaandika michezo sita ambayo watoto wa shule za Ulaya walijifunzia Kilatini kwa karne na karne, na ndani ya mmoja wapo mhusika anasema: mimi ni binadamu, na hakuna jambo la binadamu ambalo halinihusu. Septimius Severus, Kaisari kuanzia 193 mpaka 211, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo. Mwanawe Caracalla mwaka 212 akatoa uraia kwa karibu watu wote huru wa dola. Mtakatifu Augustino, ambaye parokia ngapi hapa kwetu zina jina lake, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, Algeria, akawa askofu Hippo huko huko Algeria, na Kilatini chake ni cha kiwango ambacho wachache wamekifikia. Uraia wa Rumi haukuwa rangi wala kabila. Paulo mwenyewe alikuwa wa Tarso, upande wa Uturuki ya leo, na alipokaribia kuchapwa viboko akasema mimi ni Mrumi, jemadari akaogopa. Ni kama mtu ana pasipoti ya nchi ambayo mji wake mkuu hajawahi kuukanyaga.

Hata pwani yetu iligusa dunia hiyo kidogo. Kuna kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya kwanza, kiliandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara kutoka Misri wakati Misri iko chini ya Rumi, na kinataja pwani ya Azania na soko lake la mwisho, Rhapta, ambako pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa vilinunuliwa. Rhapta ilikuwa wapi hasa wataalamu bado wanabishana, wengi wanaitafuta pwani ya Tanzania. Na maneno yao tunayo mdomoni kila siku bila kujua: dinari ni denarius iliyopita kwa Waarabu, meza ni mensa iliyopita kwa Wareno, na mvinyo pia ni vinum kwa njia hiyo hiyo ya Wareno.

Sasa shemeji. Warumi wake ni wa kweli kabisa. Mwaka 330 Kaisari Konstantino alizindua mji mkuu mpya mashariki, Konstantinopoli, ndo Istanbul ya leo. Sisi hili halitupi shida kulielewa, serikali yetu imehamia Dodoma na hakuna aliyeacha kuwa Mtanzania. Baadaye dola ikagawanywa pande mbili, na upande wa magharibi ukalemewa na vita, njaa ya hela na majenerali wanaopinduana, mpaka mwaka 476 Kaisari wake wa mwisho, kijana anaitwa Romulus Augustulus, akaondolewa na jenerali wa moja ya makabila ya kale ya Kijerumani. Vitabu vya shule vinaandika hapo "Rumi ikaanguka". Lakini mashariki haikuanguka! Iliendelea karibu miaka 1000 mingine, mpaka Mei 29 mwaka 1453 Sultani Mehmed alipoingia Konstantinopoli. Watu wake waliongea Kigiriki, walikuwa Wakristo, na wao wenyewe walijiita Warumi mpaka siku ya mwisho. Jina Byzantine ambalo vitabu vinawaita lilienezwa na wasomi wa Ulaya baada ya dola yenyewe kuisha.

Kwa hiyo Sura ya 30 ya Kurani inaposema Warumi wameshindwa kisha watashinda, ni hao, waliopigwa na Waajemi wakapoteza Yerusalemu mwaka 614, halafu chini ya Kaisari Heraclius wakageuza vita. Ardhi yao ikaendelea kuitwa Rum hata ilipotwaliwa, ndo maana yule mshairi mkubwa wa Kisufi aliyekufa Konya, Uturuki ya leo, mwaka 1273 anaitwa Rumi. Na Heraclius huyo anatuhusu sisi kwa karibu kuliko watu wanavyojua, kwa sababu Waswahili walimwandikia utenzi. Mwaka 1728 kule kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, Mwengo wa Athumani alitunga Chuo cha Herekali, moja ya tenzi kongwe kabisa tulizonazo, habari za vita kati ya jeshi la Mtume na Herekali, na Herekali ndo Heraclius. Kwa maana hiyo Kaisari wa Rumi yumo ndani ya fasihi yetu tangu zamani hizo, tena kwa mizani na vina.

Na ukitaka kuanza kusoma fasihi yao wenyewe, anayelelewa na tenzi ana faida. Aeneid ya mshairi Vergilius ni kitu cha aina hiyo, shujaa, safari, vita, miungu, vitabu 12, aliifanyia kazi miaka kama 11 akafa mwaka 19 KK haijakamilika, akaomba ichomwe, Augustus akakataa. Lakini mi huwa nawaambia watu waanze na ukuta. Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79, umejaa maandishi ya watu wa kawaida ukutani, mapenzi, matusi, kampeni za uchaguzi, kama nyuma ya daladala. Mmoja ameandika: nashangaa wewe ukuta hujaanguka, maana umebeba upuuzi wa waandishi wengi kweli. Mtu huyo alikufa zamani mno na bado namsikia sauti yake.

Limebaki swali la mama mdogo. Pilato aliyetoa hukumu alikuwa gavana wa Tiberio, kwa hiyo ni kweli, Warumi ndo walisulubisha, Warumi wa miaka ya 30. Lakini kufikia wakati wa Nero tayari Wakristo wapo ndani ya Roma yenyewe, Paulo ameshawaandikia waraka, na mapokeo yanasema Petro na Paulo waliuawa humo. Kanisa likakua chini kwa chini kwenye mji mkuu wa dola, likiwa na askofu wake. Mwaka 313 Konstantino na mwenzake wa mashariki wakaruhusu dini hiyo. Mwaka 380 ikafanywa dini ya dola. Na mwaka 476 Kaisari wa magharibi alipoondoka na hakurudi, askofu wa Roma alikuwa bado yupo, anaongea Kilatini, ana watu, ana kumbukumbu za mji. Papa ndiye huyo askofu. Vatikani kama nchi ndogo ni ya mwaka 1929 tu, lakini kiti ni cha zamani hizo.

Nikamwambia mama mdogo arudi kwenye ile picha aliyoituma, aivute kwa vidole, asitazame Papa, atazame juu ya roshani, pale kwenye jiwe refu linalokatiza uso wa kanisa. Kuna herufi kubwa zimechongwa mwaka 1612, jina la Papa Paulo V aliyekuwa anamalizia ujenzi. Akakaa kimya kama dakika mbili hivi, halafu akatuma kipande alichokikata, kimefifia lakini kinasomeka: PONT MAX.